Banadai Mbuzi Juu Nilipeleka Wifi Hospitali

Admin, jina yangu ufiche muzuri. Hapa Butembo jamaa yote ya bwana yangu banasoma hii page.

Niko mwanamuke wa miaka 29, ninakaa Vulamba na bwana yangu pamoja na mama yake. Miaka mbili iliyopita nilikuwa na mimba ya miezi nane. Maji ikaanza kutoka kidogo kidogo, kikwembe inalowana, kiisha ikageuka kijani na kunuka. Nikaambia mama mukwe. Akacheka: "Ni mutoto anasafisha njia. Miye nilizala kumi, nani alinipeleka kwa munganga?" Akanichemshia majani ya kunawia. Siku tatu! Bwana yangu alikuwa Beni kwa biashara, kwa telefone anasema tu, "Sikiliza mama." Homa iliponikamata ndipo bakanipeleka hospitali. Mutoto alikuwa amekwisha kufa ndani. Muforomo, ule anayesaidia munganga, akanifokea: "Maji inatoka, inanuka, na weye unakaa nyumbani? Hata bila uchungu ungekuja siku ileile!" Nyumbani bakasema ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu! Ni Mungu alichemsha majani?

Sasa musikie. Juma iliyopita wifi yangu, binti ya huyo mama, alikuja kututembelea toka Kimemi na mimba yake ya miezi nane. Namukuta nyuma ya nyumba ananawa na majani yaleyale. Namuuliza, "Ni maji?" Anajibu, "Ndiyo, tangu jana. Mama anasema ningoje." Aka! Sikuomba mutu ruhusa. Nilimushika mukono, tukapanda pikipiki mpaka hospitali, mama anapiga kelele nyuma yetu barabarani eti ninamupatisha haya. Banganga bakamupa dawa, bakamuzalisha siku ileile. Mutoto ni mudogo, mais analia na nguvu.

Munafikiri balinishukuru? Bwana yangu ametoka Beni mbio, bakaita kikao. Eti nimevunjia mama heshima, donc nilete mbuzi na nipige magoti Siku ya Yenga, kiisha ibada, mbele ya jamaa yote. Nikikataa, nirudi kwetu. Na wifi mwenyewe amekaa pale, mutoto kwa mapaja, anamunyonyesha tu!

Bwana yangu ningali ninamupenda, ndiyo maana roho inaniwaka hivi. Mais nilipozika mutoto wangu, hakuna hata mumoja aliniletea hata kuku ya kuomba musamaha. Bandugu, nishaurini: nipige magoti, ao nifunge mizigo?