Petroli ya Kumfuata Delmas

Wilda Combs hapokei pesa ya mtu. Ukimtia noti mkononi ataikunja vizuri, atakurudishia, halafu atakununia wiki nzima. Mumewe Hobert alipofariki kanisa letu lilizungusha kapu, naye akalirudisha kwa mchungaji vile vile, na kitambaa chake juu. Ana nyumba inayovuja upande wa jikoni, pensheni ndogo ya uzee, na pikapu nyekundu ya Hobert inayokunywa petroli kama ng'ombe anayenyonyesha. Ukimwambia auze pikapu, atakuuliza kama wewe umemuuza mumeo.

Lakini pointi alipokea. Pointi si pesa, alisema.

Hapa Tolliver, Kentucky, sote tunanunua vitu Pruitt, supamaketi yenye kituo chake cha mafuta pale mbele, karibu na barabara. Ukifika kwa keshia unabonyeza namba yako ya simu kwenye kimashine, na kila ulichonunua kinakuwekea pointi. Pointi zikiongezeka, petroli inashuka. Zikijaa kabisa, kila galoni inashuka dola nzima, na mtu anaendesha kutoka pale na tangi limejaa akijiona kama aliyeibia serikali na kusamehewa. Kuna watu huku kwetu wanakumbuka pointi zao kuliko siku za kuzaliwa za watoto wao.

Majani ya miti yalikuwa yameanza kubadilika rangi pale Trena alipompigia Wilda simu kutoka Ypsilanti, Michigan. Trena ni binti wa Delmas, na Delmas ni kaka yake Wilda, ndugu pekee aliyebaki. Aliondoka milimani kijana kwenda kuunda magari, kama walivyoondoka nusu ya wanaume wa hapa, akawa anarudi kwenye mazishi tu. Sasa yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na akili inamtoka kidogo kidogo.

"Shangazi," Trena alimwambia, "kama unataka akujue, njoo mwezi huu. Sisemi atakufa. Nasema atasahau."

Kutoka hapa hadi Ypsilanti ni safari ya mchana kutwa, na ile pikapu ingekula tangi kwenda na tangi kurudi na bado ingeomba. Pensheni ya mwezi ilikuwa imeshaliwa na umeme na fundi wa paa. Nikamwambia nitachangia.

"Weka pesa yako, Rhoda," akasema. "Utaihitaji kwa meno."

Ndipo sisi wanawake wa darasa la Biblia la Jumapili, Wabaptisti sote, tukapata akili. Kila mmoja wetu akifika kwa keshia asibonyeze namba yake, abonyeze ya Wilda. Hakuna aliyehitaji kuandikiwa. Ilikuwa namba ya simu ya mezani ya Hobert, aliyokuwa akiuzia majani makavu ya ng'ombe, na alikuwa ameipaka rangi nyeupe ubavuni mwa ghala lake, kubwa, unaiona ukiwa ng'ambo ya mto. Bibi zetu waliosahau hata mistari ya Zaburi waliibonyeza bila kutazama. Wamethodisti wawili nao walijiunga, ingawa hao walitaka ijulikane.

Simu yenyewe Wilda alikuwa ameikata wakati wa joto. Alichoka, alisema, kulipia kitu kinacholia mara moja kwa mwezi, na aliyepiga anataka kumuuzia bima. Alibaki na kasimu kadogo ka mkononi, kenye namba nyingine asiyoijua hata yeye. Lakini pale Pruitt aliendelea na ile ya Hobert, na sisi pia. Hakuna aliyewaza mara mbili. Namba ilikuwa ya Hobert kama pua ilivyokuwa ya Hobert.

Wiki mbili tukanunua vitu kama watu wanaongoja kimbunga. Mimi nilinunua unga ambao mpaka leo sijaumaliza. Keshia akasema pointi zimefika juu kabisa, na kwa bei hiyo visenti vilivyombakia Wilda vingetosha safari. Wilda akapika maharage na mfupa wa nguruwe, akafunga mkate wa mahindi kwenye taulo, kwa sababu Delmas alimwambia Trena kwamba Michigan yote hakuna mtu anayejua kupika maharage. Alhamisi asubuhi tukaondoka, mimi nikiwa wa kusoma vibao vya barabarani, maana Wilda hataki simu inayomwelekeza. Anasema ameshaishi na mwanaume mmoja aliyefanya hivyo.

Tukaingia kwanza Pruitt kujaza. Akashuka, akabonyeza namba kwenye pampu, akasubiri bei ishuke.

Haikushuka.

"Bonyeza polepole," nikamwambia kwa dirishani.

"Nilikuwa nabonyeza namba hii wewe hujaota meno."

Akabonyeza tena. Bei ikatutazama vile vile. Nyuma yetu mtu akapiga honi, nikatoa kichwa nikamwambia kama ana haraka apite juu. Wilda akabonyeza mara ya tatu, kwa kidole kimoja, akiitaja kila tarakimu kwa sauti kama anayemsomea mtoto. Kisha akaurudisha mkono wa pampu mahali pake, akaenda kwenye kile kibanda cha kioo anapokaa Arlis anayeuza mafuta. Nikamfuata.

Arlis akatazama kompyuta yake muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Dada Wilda, hii namba haina jina lako."

"Najua. Ina jina la Hobert."

"Haina la Hobert pia."

"Basi ina la nani?"

"Siruhusiwi kusema."

"Arlis, mimi nilikubadilisha nepi kule nyuma ya kanisa."

"Najua, mama. Bado siruhusiwi."

Akatueleza, na uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni. Namba ikikatwa haizikwi. Kampuni ya simu inaikalisha kidogo, halafu inampa mtu mwingine. Huyo mtu alikuja wiki hii kujiandikisha Pruitt, mashine ikamtumia ujumbe kwenye simu kuhakikisha namba ni yake, na ilikuwa yake kweli. Kila kitu kilichokuwa ndani ya namba kikamfuata.

"Na pointi?" nikauliza mimi.

"Zimetumika jana."

"Zote?"

"Zinatumika kwa mkupuo, Rhoda. Ukijaza mara moja zimekwenda."

Akatupigia makao makuu. Tulisikiliza muziki wa vinanda mpaka Arlis akapunguza sauti, kisha akaja mwanamke mwenye sauti ya asali aliyesema anaelewa kabisa masikitiko yetu. Alisema hivyo mara nyingi. Akaunti ni ya mwenye simu, akasema, na pointi zikishatumika hazirudi. Nikamuuliza kama yeye ana kaka. Akasema anaelewa kabisa masikitiko yangu.

"Lakini namba tunayo," nikamwambia Wilda. "Mpigie huyo mwizi."

"Si mwizi. Ni mtu mwenye simu."

"Basi mpigie mtu mwenye simu, nimwite mwizi mwenyewe."

Alisimama pale kando ya kibanda, kasimu kake mkononi. Sikuwaza, mimi na mdomo wangu, kwamba namba ile hajaipiga tangu Hobert akiwa jikoni kuipokea. Akaipiga. Ikalia kidogo tu, akapokea mwanaume, na nyuma yake msumeno wa mashine ukinguruma.

"Haloo! Ngoja. Zimeni hilo! Haloo?"

"Mwanangu," Wilda akasema, "hiyo namba uliyonayo ilikuwa ya mume wangu."

"Wewe ndiye mke wa Hobert?" Yule mtu akaonekana kufurahi. "Mama, watu wananipigia kila siku kuulizia majani ya ng'ombe! Nawaambia Hobert hayupo."

"Waambie amekufa."

Msumeno ulikuwa umezimwa sasa. "Pole sana, mama. Sikujua. Kuna mmoja nilimwambia apige tena jioni."

Wilda akamweleza habari ya pointi, kwa ufupi, bila kulalamika, kama anayeuliza njia. Jina lake lilikuwa Curtis Begley, mkata miti. Alidhani Pruitt wanampa mgeni zawadi ya kumkaribisha. Alijaza lori lake lenye matangi mawili, akamsifia kila mtu duka lile, na sasa lori na petroli vilikuwa Virginia, juu mlimani, nusu imeshakwisha.

"Ningekuwa karibu ningeinyonya kwa mpira nikurudishie, nakuapia. Nikutumie pesa? Tunalipwa wiki ijayo, lakini nitakutumia."

"Hapana, mwanangu. Hukuiba."

"Najisikia kama nimeiba."

"Usijisikie hivyo. Una watoto?"

"Watatu."

"Basi uangalie miti isikuangukie."

Akamtuliza mpaka yule mwanaume akacheka. Mimi niliyekuwa na matusi yamepangwa mdomoni nikayameza yote. Akakata simu, akarudi garini, akakaa nyuma ya usukani bila kuwasha.

"Wilda, nina noti kwenye pochi. Itatufikisha nusu ya Ohio. Nusu nyingine tutaombea."

"Hapana."

"Arlis naye ametoa. Mtazame, amesimama pale na mkono nje kama sanamu."

"Nimesema hapana, Rhoda. Usinifanye nilie sheli."

Akawasha, akaturudisha nyumbani. Yale maharage tuliyala sisi, hayakuwa na ladha. Nilimsema siku ile na siku zilizofuata. Nilimwambia kiburi chake kina tangi kubwa kuliko pikapu. Mchungaji naye alikwenda, akanyweshwa kikombe cha kahawa, akatoka na ile bahasha ya pesa aliyoingia nayo. Pensheni ingeingia mwanzoni mwa mwezi, Wilda alisema, naye angekwenda kwa pesa yake. Delmas alimsubiri miaka yote hiyo, atasubiri na siku hizi.

Trena alipiga simu katikati ya kungoja huko. Baba yake aliamka asubuhi moja akiwa mzima kabisa, akataka kuvaa koti lake zuri, akakaa dirishani akiangalia maegesho mchana wote. Alimwuliza kila muuguzi kama pikapu nyekundu imeingia. Jioni wakamvua koti. Wilda alinisimulia haya akiwa anaosha vyombo, mgongo kwangu, akaosha sahani moja mpaka nikamnyang'anya.

Na pale Pruitt, mnajua nini? Tulitangaziana kanisani, tukaonyana, tusibonyeze tena ile namba. Lakini vidole vya mtu aliyezoea havisikii mahubiri. Nilimkuta mke wa mchungaji mwenyewe kwa keshia, ameshabonyeza, ameshika mdomo. Curtis Begley sasa anaendeshwa na Wabaptisti.

Pensheni ikaingia. Wilda akapika maharage upya, tukajaza tangi kwa bei ya watu wote, tukaondoka. Ohio ni tambarare na haiishi. Nilisoma vibao, yeye akaendesha mikono yote miwili juu ya usukani, na tulipojaza mara ya pili aliwageuzia mgongo wale watu wa pampu za jirani akalipa haraka haraka, kama anayefanya jambo la aibu.

Delmas alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amenyolewa, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Ni Wilda mtupu, ukimvika suruali. Alipotuona alijaribu kusimama, maana hao walilelewa wasimame wanawake wakiingia. Trena akamrudisha kitini taratibu.

"Baba, una wageni."

"Karibuni, akina mama. Kaeni, kaeni. Mmetoka mbali?"

Wilda alikuwa bado ameishika sufuria ya maharage. "Kentucky," akasema. "Tolliver."

"Tolliver!" Uso wake ukang'aa, na mimi, mjinga, moyo ukaniruka. "Mimi nimezaliwa huko. Nina dada yangu huko. Mnamfahamu Wilda?"

Trena akageukia ukuta. Wilda akaweka sufuria chini, akavuta kiti, akakaa hata magoti yao yakakaribia kugusana.

"Namfahamu."

"Alisema anakuja. Ana lile gari la mumewe, kubwa, jekundu." Akatupa jicho dirishani, kisha akarudi kwetu, akikumbuka adabu ya kuwazungumzisha wageni. "Petroli bei gani huko kwenu siku hizi?"

"Tatu na kitu," Wilda akasema.

"Tatu!" Akapiga mluzi, akatikisa kichwa. "Ndiyo maana hajafika, maskini. Hana pesa yule, na hataki kupewa." Akamwinamia, akashusha sauti ili mimi na Trena tusisikie, ingawa tulisikia. "Mama, ukirudi, mwambie mimi nitalipa. Mwambie aje tu."

"Nitamwambia," Wilda akasema.

Kisha akamfunulia maharage, akamkatia mkate, na Delmas akala, akamsifu kwamba tangu aje Michigan hajapata mtu wa kumpikia hivyo, akamwuliza jina lake nani.