Neno Kwanza, Wifi

Fundi cherehani hubana pini midomoni, kisha humzungukia mteja polepole. Yeye na wifi yake hushindana kutafuta maneno ya Kiingereza ya herufi tano yanayoishia na E na R, na anayeshindwa huosha vyombo vya nyumba nzima. Basi havuliwi mtu gauni bila kumpa fundi neno. "River!" mteja hulia, pini ikinyemelea kwapa, naye fundi huliandika upesi kwa chaki kwenye kitambaa.

Jana walikuwa sare, wifi akaja kujaribu gauni lake. Akabanwa pini kumi na mbili.

"Nifungue, wifi, harusi inanipita!"

"Neno kwanza, wifi yangu."

"Mwizi we! Tiger!"

Fundi akamaliza kushona chapuchapu. Jioni wifi aliosha masufuria yote. Lakini harusini alipendeza kweli, na TIGER ya chaki mgongoni.