Kungoja Mbegu ya Serikali

Mwaka ule nililala juu ya pamba, na sisemi hivyo kwa kujivuna. Magunia ya mavuno yaliyopita yalijaa chini ya kitanda changu, yakapanda ukutani hadi dirishani, na mengine niliyalaza sakafuni nikatandika mkeka juu yake. Hapo ndipo mtoto wangu wa kwanza alipojifunzia kukaa. Lori la bodi ya pamba lililozoea kuja kuyachukua baada ya mavuno halikuja Januari, wala halikuja Februari. Panya walijua kabla yetu kwamba pamba ile imekuwa yao.

Nilikuwa mke mchanga, miaka ya tisini ikiwa ndiyo kwanza imeanza, nimeolewa katika boma moja upande wa Kisegi. Kwa kuwa nilitoka Migori mjini, kila mtu aliniita Nyar Migori, binti wa Migori, hata mbuzi nadhani waliniita hivyo. Mume wangu alikuwa amekwenda huko huko kwetu kutafuta riziki, akabahatika kupata kibarua cha kubeba marobota ya mitumba kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyetoka pwani. Mimi na mtoto tulibaki kwa wazazi wake.

Baba mkwe alikuwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia pamba cha chama chetu cha ushirika. Alikuwa na koti la kaki na penseli sikioni, na sheria za bodi alizijua kuliko majina ya wajukuu zake. Mabua ya pamba yang'olewe na kuchomwa kabla ya tarehe fulani, yasije yakahifadhi wadudu. Mtu asibakize mbegu ya pamba nyumbani, maana mbegu ni mali ya Serikali: huchambuliwa kiwandani Homa Bay, hutiwa dawa, kisha huletwa na lori mwezi wa Machi na kugawiwa wakulima bure. Niliwahi kusikia kwamba alimripoti hata shemeji yake kwa kuficha debe moja la mbegu. Shemeji huyo hakukanyaga tena boma letu, hata kwa matanga.

Sasa kuna jambo la Wajaluo ambalo sharti nilieleze, kwani ndilo lililotufunga miguu. Mwanzo wa msimu, hakuna mtu katika boma anayeruhusiwa kupanda kabla ya mwenye boma kutia mbegu ardhini. Yeye na mkewe hutangulia, kisha hufuata wana na wake zao kwa mpangilio. Ukimruka, umejiitia chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira haimwangukii mkosaji peke yake, humwangukia hata mtoto anayenyonya. Wengine hufungua msimu kwa mahindi au mtama. Baba mkwe aliufungua kwa pamba, tangu mwaka ambao pamba ilimjengea nyumba ya mabati. Mbegu ya bodi ikishaingia ardhini kwa mkono wake, ndipo sisi wengine tulipata ruhusa ya kupanda chakula.

Mvua ilianza vizuri. Ilinyesha siku tatu, udongo ukawa laini, na majirani wote wakatoka na majembe. Sisi tulikaa.

"Mbegu iko njiani," alisema baba mkwe, akatuma koti lake la kaki lifuliwe.

Siku ya nane mahindi ya jirani yalikuwa yamechungulia. Nilikuwa nikipita kando ya shamba lake kila asubuhi nikienda mtoni, na nilianza kuyapima kwa mguu wangu. Yalifika kwenye kifundo. Yakafika nusu ya ugoko. Nikirudi nyumbani nilifunua ghala na kutazama mahindi yaliyobaki, kana kwamba yangeongezeka kwa kutazamwa. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nilidhani ni maneno tu mpaka nilipoanza kupunguza unga katika uji wa mtoto. Nililala nikiwa na hofu na kuamka nayo. Sikuwa na wa kumwambia.

Redio tulikuwa nayo. Katika taarifa ya habari walisema mara kwa mara kwamba Serikali imeamua kuachia soko huria, kwamba mkulima sasa atauza kwa amtakaye, kwamba bodi hazitakuwa tena na kazi ya kununua na kugawa. Baba mkwe alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alielewa kwamba wanunuzi wataongezeka. Sauti ile ya redio haikutaja lori la mbegu, na kitu ambacho hakikutajwa, kwake yeye, kilikuwa hakijabadilika.

Wiki ya pili alivaa koti lake akaenda Homa Bay kuuliza. Alirudi jioni viatu vikiwa na matope. Alituambia wakubwa hawakuwapo, lakini mbegu itakuja, tuwe na subira. Hakula siku hiyo. Mama mkwe alisema ni uchovu wa safari.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yangu kwenda Homa Bay, kumpeleka mtoto kupimwa uzito. Muuguzi aliutazama mstari kwenye kadi, kisha akanitazama mimi, akasema mtoto hajaongezeka tangu mwezi uliopita. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Nilitoka hapo nikajipeleka moja kwa moja hadi kiwanda cha kuchambulia pamba. Nilikuwa nimekiona mara moja tu zamani, kikinguruma, vumbi jeupe likipepea juu ya paa. Sasa kulikuwa kimya. Majani yalikuwa yameota katikati ya njia ya malori, na mlinzi mmoja, Mkuria mtu mzima, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha lango akishona kiatu chake.

"Mama, unatafuta nani?"

"Natafuta mbegu ya pamba. Inatoka lini?"

Alicheka kidogo, si kwa dharau. "Hii kitu ilifungwa. Bodi hakuna, mbegu hakuna, wafanyikazi wote walienda nyumbani. Mimi mwenyewe sijui nachunga nini. Enda upande mahindi, mama. Mvua haingojangi mtu."

Nilirudi na maneno hayo kifuani kama mtu aliyemeza kokwa. Na sikuyasema. Nataka nieleweke hapa, maana nimejitetea miaka mingi mbele ya nafsi yangu na bado sijashinda kesi. Kwetu, mke wa mwana hamsogelei baba mkwe na habari ya kumvunja. Hata kiti chake hukikalii. Ningesimamaje mbele ya mzee yule na kumwambia kwamba kazi ya maisha yake ilikufa, na kwamba habari hiyo nimeipata kwa mlinzi anayeshona kiatu? Nikajiambia atajua mwenyewe. Nikajiambia pengine mlinzi amekosea. Nikaendelea kupima mahindi ya jirani kwa mguu wangu, na sasa yalikuwa yamefika kwenye goti.

Siku chache baadaye mume wangu alituma kifurushi kutoka Migori: sukari, sabuni, na fulana ndogo ya mtoto iliyotoka kwenye mitumba. Ilikuwa na picha ya dubu na maandishi ya Kizungu. Nilimvisha mtoto, naye akatambaa hadi uani kwa babu yake. Baba mkwe alimpakata, kisha nikaona vidole vyake vimeshika ncha ya ile fulana, vikiisugua polepole, kama alivyokuwa akisugua pamba ya wakulima kuipima ubora.

"Pamba nzuri," alisema. "Nyuzi ndefu. Hii imetoka kiwanda gani?"

"Ni mitumba," mama mkwe akamjibu. "Inakuja na meli. Huko Migori inauzwa barabarani, imerundikwa chini kama viazi."

Aliendelea kuisugua. Mimi nilikuwa jikoni nikiona yote kupitia mlangoni, na nilisikia aibu ambayo hata leo siwezi kuipa jina, kwa sababu sukari tuliyoitia kwenye uji siku ile ilinunuliwa kwa mgongo wa mume wangu, uliobeba nguo zilizoua pamba ya baba yake.

Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza. Asubuhi iliyofuata nilimwita mama mkwe chumbani kwangu na kumwambia yote: lango, majani, mlinzi, kadi ya mtoto. Alinisikiliza akiwa amesimama. Hakunilaumu. Aliinama, akavuta gunia moja kutoka chini ya kitanda, akalifungua, akachota pamba konzi nzima na kuanza kuichambua kwa vidole. Mbegu ya kwanza ilidondoka kwenye ungo.

Tulitazamana. Wiki nne boma zima tumekaa tukingoja mbegu, na mimi nimekuwa nikizilalia kila siku.

Tulichambua mpaka adhuhuri. Mbegu ya pamba haitoki kwa hiari, hung'ang'ania nyuzi zake, na kucha zangu zilichubuka. Mama mkwe aliubeba ungo mwenyewe hadi kwa mumewe, mimi nikabaki nyuma ya mlango.

"Hizi ni za Serikali," baba mkwe alisema alipoziona.

"Serikali iko wapi?"

"Hazijatiwa dawa."

"Mzee wangu," mama mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, "mtoto haongezeki uzito."

Kisha nikasikia kiti kikisogezwa. Alivua lile koti la kaki, akalitundika, akachukua jembe. Walitoka wawili, wakachimba mashimo machache kando ya boma, akatia mbegu kwa mkono wake. Kesho yake sisi wote tulikuwa shambani kabla jua halijachomoza, tukipanda kama watu wanaofukuzwa.

Tulichelewa. Mvua ilikatika mahindi yetu yakiwa yamenifika kiunoni, kabla hayajatoa mbelewele. Ya jirani yalikuwa yameshabeba. Nilisimama kwenye mpaka nikiyatazama mashamba yale mawili, udongo mmoja, mvua moja, na nilitaka kumpiga mtu, lakini sikujua nimpige nani. Yule aliyeamua yote hayo alikuwa mbali, ofisini, na pengine aliamua kwa nia njema. Aliyeshindwa kusema nilikuwa mimi.

Miezi iliyofuata tulikula tulichonunua kwa pesa ya mitumba, na mihogo, na mboga za porini. Kila siku nilimpelekea baba mkwe sahani yake, na kila siku ilirudi ikiwa na nusu ya ugali. "Nimeshiba," alisema. "Mpe mtoto." Koti la kaki lilianza kumpwaya. Mtoto aliongezeka, kidogo kidogo, na ninajua uzito ule ulitoka kwa nani.

Mwishoni mwa mwaka nilimkuta peke yake katika shamba la pamba. Ile pamba ya mbegu za ungo ilikuwa fupi na yenye vitumba vichache, wala hatukujisumbua kuivuna yote. Alikuwa akiyang'oa mabua. Nilitaka kupita mbali kwa heshima, lakini aliniita.

"Nyar Migori. Siku ile ulimpeleka mtoto Homa Bay. Ulipita kwa kiwanda?"

"Nilipita, Baba."

"Ulimkuta mlinzi, Mkuria."

"Nilimkuta."

Aling'oa bua moja, akalikung'uta udongo, akaliweka juu ya mengine. "Hata mimi aliniambia. Aliniambia nipande mahindi."

Sikuwahi kumuuliza baba mkwe swali maishani mwangu. Lilinitoka lenyewe. "Kwa nini hukupanda, Baba?"

"Hakuna barua iliyokuja," alisema. "Miaka yote ile, hata barua moja. Mtu hawezi kuachishwa kazi na mlinzi. Nikarudi hapa nikanyamaza. Nikasema, nyumba hii ina watu wenye macho. Siku mmoja wao atakaponiambia imekwisha, nitapanda. Nikawa nangoja mmoja wenu aseme."

Akainama tena. Alinionyesha kwa kidevu mstari uliobaki, nishike upande ule, tumalize haraka tupate kuyachoma, maana tarehe ya bodi ilikuwa Ijumaa.