Karanga za Mama Kanisia

Nacheka peke yangu hadi leo. Nilikuwa nesi mgeni kijijini Tingi, na tabibu wetu alinituma kwa Mama Kanisia, ambaye mkojo ulimtoka kila alipokohoa au kuinua ndoo. Kwa aibu alikuwa ameacha hata kwenda shamba la ujamaa. Tabibu alitaka hesabu ya wiki nzima, ndipo aamue kama ampeleke hospitali ya misheni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Mezani palikuwa na bakuli la karanga. Kwetu Tanga mgeni asiyeonja anadharau wenyeji, basi nikaonja. Zilikuwa tamu mno. Mama alifungua mdomo, akaufunga, nami nikadhani anafurahia ulaji wangu. Nikazimaliza zote, nikapangusa mikono na kufungua daftari kwa madaha.

"Haya, mama, wiki hii mkojo umekutoka mara ngapi?"

Akainamisha kichwa.

"Mimi sijui kuandika, mwanangu. Tabibu aliniambia kila ukinitoka niweke karanga moja bakulini." Akachungulia bakuli tupu. "Mpaka unaingia humu ndani, hesabu ilikuwepo."