Mabido Matupu kwenye Gati la Rumonge

Aibu hii ni yangu, na kwa kuwa watu wa bandarini wanaisimulia kila mmoja na chumvi yake, bora niisimulie mwenyewe, kwa utaratibu.

Mimi natengeneza sabuni hapa Rumonge. Mawese yetu huvuka ziwa kwa boti moja ya mizigo mpaka Kigoma, kisha hupanda treni (sisi hatuna reli, boti hiyo ndiyo reli yetu). Tukasikia wenye boti wanataka kuacha kutupitia, eti mzigo ni mdogo, na mkaguzi wao anakuja kutazama. Bila boti, wakamuaji wa mawese wa kule Gatete wangebaki na mafuta yao, nami ningekosa soda ya sabuni inayokuja kwa treni hiyo hiyo. Nikachaguliwa kupanga mzigo gatini, kwa sababu kila kitu mimi hupima kwa kamba.

Nikapanga mabido, yale madumu yetu ya njano, safu nne zilizojaa, na ya tano ikabaki na pengo. Nyumbani nilikuwa na mabido kumi matupu, nikaziba nayo pengo, sasa ya tano ikawa ndefu kuliko ya nne, nikaazima mengine kwa jirani ili zilingane, na kufika saa nne asubuhi nyuma kulikuwa na ukuta mzima wa hewa, nami nautazama kwa fahari.

Mama Zuhura, mkamuaji wa Gatete, akaukagua kwa macho. "Baba Idi, hayo ya nyuma iko ya nani?"

"Ya watu."

"Watu gani, mabido yao hayana hata tone la mafuta nje?"

Mkaguzi alifika saa nane mchana (nilipima urefu, upana na kimo, nikasahau kwamba saa nane upepo wa kusini huamka). Nikaanza, "Amahoro, shefu, haya yote..." na bido la juu likaondoka. Likafuata la pili, kisha ukuta wote ukabingirika ukipiga ngoma kwenye saruji mpaka majini, mabido yakaelea kuelekea Muhuta, wavuvi wakiyakimbiza.

Mkaguzi akasema taratibu, "Mafuta ya Rumonge ni mepesi sana, mzee."

Gati zima likacheka isipokuwa Mama Zuhura. "Shefu, yangu usiyachanganye na ya huyu. Inua."

Mkaguzi akainua, kwa mikono miwili, kwa uzito. Basi ikabidi kila bido liinuliwe na kufunguliwa, wenye mafuta wakisimama juani mpaka jioni kwa sababu yangu. Mwisho mkaguzi akasema boti itaendelea kupita kwa miezi mitatu, halafu atarudi kukagua. "Ungenionyesha safu nne tu," akaniambia, "ningeandika mwaka mzima."

Sentensi hiyo ndiyo ninayolala nayo. Siku hizi watu huinua katoni yangu ya sabuni kabla ya kunisalimia.

Nimeapa pengo litabaki pengo. Wiki iliyopita safu ilipungua tena, nikaiacha hivyo hivyo. Mama Zuhura akaja, akaketi katikati ya lile pengo, akasubiri boti.

"Hapa angalau iko mutu," akasema.