Komeo Mfukoni mwa Alute

Alute alizaliwa Mwankoko katika boma la wafugaji, na kama si ukame uliowamaliza ng'ombe wa baba yake, huenda asingeshika bunduki maisha yake yote. Alikuwa kijana wa miaka kumi na minane alipoteremka Manyoni kutafuta kazi. Akapata ya kuwabebea mizigo watu wa bwana nyama, afisa wa wanyamapori, wale waliokuwa wakizunguka vijijini kufukuza tembo na nyati mashambani. Miaka mitatu alibeba mahema na masufuria ya wenzake. Mwaka wa nne akapewa kofia na bunduki yake mwenyewe.

Mwenzake wa zamu alikuwa Gabrieli, Mnyiramba wa Ulemo, mtu wa maneno mengi na vicheko. Walilala hema moja na kula sufuria moja, na Alute, ambaye tangu utoto alikuwa mzito wa kusema, alijikuta anacheka hata akiwa peke yake njiani.

Mwaka uliofuata uhuru walitumwa kumfuata nyati aliyejeruhiwa na mitego ya watu. Walimkuta kichakani, naye akageuka akawaelekea. Gabrieli alikuwa mbele, akapiga. Bunduki haikulia inavyopaswa. Ilitoa mlio mdogo, pu, kama kibuyu kinachozibuliwa, wala haikumsukuma bega.

"Piga tena," Alute alipaza sauti nyuma yake. "Piga tena, Gabrieli."

Gabrieli akavuta komeo, kile chuma kinachoifunga bunduki kwa nyuma, akasukuma risasi nyingine ndani, akafyatua. Risasi ya kwanza, iliyokuwa na baruti mbovu, ilikuwa haijatoka. Ilikuwa imekwama katikati ya mtutu, na ya pili ikaikuta hapo hapo. Chuma kilipasuka mbele ya uso wake. Nyati alitishwa na kishindo kile akapotelea porini, na Alute akabaki amempakata rafiki yake, anamfuta damu kwa shati, asijue aanzie wapi.

Gabrieli alipona, lakini macho yote mawili yalikwisha. Akarudishwa kwao Ulemo, kwa dada yake Anastazia, kwa kuwa wazazi walikuwa wamekwisha kufa. Kila mwisho wa mwezi Alute alipanda baiskeli kwenda kumwona, na sukari na sabuni kwenye karia. Alimwezekea nyumba na kumfunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni ili aifuate kwa mkono. Jioni walikaa wote watatu wakibangua karanga. Gabrieli aliongea na Alute alisikiliza, na Anastazia alianza kuona kwamba huyu mgeni asiyesema humwangalia sana anapogeuka kwenda jikoni.

Mwaka ulipopita, Alute alimwambia anataka kumwoa.

"Mimi siendi mahali bila Gabrieli," Anastazia alisema.

"Najua. Nimekuja kuwachukua wawili."

Ndivyo walivyoishi tangu hapo. Binti yao Theodora alijifunza kutembea akiwa ameshika kidole cha mjomba wake asiyeona. Jambo moja tu Alute hakuwahi kulitamka katika nyumba ile. Hakuwahi kusema ni nani aliyepaza sauti siku ile kichakani. Gabrieli naye hakuuliza.

Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, familia ya Alute iliandikishwa katika kijiji kipya kusini ya Manyoni, kilichopewa jina la Tumaini. Kilikuwa na shamba kubwa la pamoja la mtama, na upande wa kusini, msitu tu. Kwa kuwa Alute alikuwa ameshaacha kazi ya serikali, kijiji kilimkabidhi bunduki pekee kiliyokuwa nayo alinde mazao. Risasi zilitunzwa ghalani katika debe, pembeni ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, na bati la ghala lilikuwa linavuja. Masika yalipokwisha, Alute alilifungua debe akaona maganda ya risasi yameshika kutu ya kijani. Akaenda kwa mwenyekiti, Simeoni, mtu mchapakazi aliyelala saa chache kuliko wote pale kijijini.

"Hizi zimeharibika, Mwenyekiti. Tuombe nyingine Manyoni."

"Tumeomba, Mzee Alute. Wamesema baada ya mavuno."

"Tembo hawangoji mavuno."

"Basi chagua zilizo nafuu," Simeoni alisema.

Alute alikaa kutwa nzima akizifuta kwa kitambaa na kuzipanga. Alipata tano zilizoonekana safi. Kosa lake, kama alivyosema mwenyewe baadaye, ni kwamba alizitazama kwa nje tu.

Tembo walikuja wiki ya pili ya Mei, alfajiri, wakati mtama umeinamisha vichwa. Walikuwa saba. Watu walitoka na madebe na vijinga vya moto, wakapiga makelele, lakini tembo walikuwa wamekwisha kuonja mtama. Jike kubwa lilikuwa linakuja moja kwa moja kwenye mstari wa nyumba. Alute alipiga goti, akalenga, akafyatua.

Pu.

Bega halikusukumwa. Moshi kidogo ukatoka kwenye komeo na kumgusa shavu.

Nyuma yake zaidi ya watu mia walikuwa wanatazama. "Piga tena, mzee," mmoja alisema, kisha wengine, kisha wote. "Piga tena. Wanamaliza chakula. Piga tena."

 Kwa miaka kumi na miwili Alute alikuwa amesikia maneno hayo usingizini kwa sauti yake mwenyewe, na sasa yalimjia kwa sauti za watu mia. Aliuelekeza mtutu chini, kwenye udongo mtupu, akasubiri. Alipoona hakuna kinachofuata alivuta komeo, akatoa ganda na risasi zote zilizobaki, akasimama, akawapungia watu mkono.

"Rudini nyuma," alisema. "Hii bunduki imekufa. Washeni moto, wekeni pilipili. Rudini."

Moshi mkali wa pilipili ndio uliookoa nyumba. Lakini jua lilipochomoza, ekari nne za mtama wa kijiji zilikuwa zimelala chini. Wanawake walipita katikati yake wakiokota masuke. Alute alikuwa bado hajapata nafasi ya kuchungulia ndani ya mtutu Simeoni alipomfikia, macho mekundu kwa moshi.

"Nipe bunduki. Kesho watarudi. Atakwenda Paskali."

Paskali alikuwa kijana aliyetoka mafunzo ya mgambo miezi miwili nyuma, hodari, asiye na woga. Alute alimtazama kijana yule, halafu akaitazama bunduki.

"Mwenyekiti, kwanza tuangalie ndani."

"Umeangalia vya kutosha tangu alfajiri," Simeoni alisema, akaichukua. Hakugundua kwamba Alute, kabla ya kuiachia, alikuwa amelichomoa komeo lote na kulitia mfuko wa koti. Bunduki isiyo na komeo ni bomba tu.

Anastazia alimkuta mumewe amekaa nyuma ya nyumba, chuma kile kipo magotini.

"Baba Theodora, watasema umeiba."

"Waseme."

Aliketi karibu naye. Hakumwuliza kama aliogopa. Aliushika mkono wake, akaukalisha kwenye kitenge chake, kisha akaenda kumwita kaka yake.

Mchana mkutano ulikaa mbele ya ghala. Simeoni alieleza hasara ya kijiji, kisha akageukia lile la komeo. "Mtu aliyekabidhiwa mali ya umma amekataa kuitumia, halafu ameificha. Mzee Alute, komeo liko wapi?"

"Lipo hapa mfukoni. Nitalitoa mtutu ukishachunguliwa. Kabla ya hapo, hata mkinifunga."

Watu walinung'unika. Mmoja akasema mzee ameishiwa moyo, asitafute visingizio. Hapo ndipo Gabrieli alipoingia, Anastazia akimwongoza kwa fimbo. Vijana walisimama kumwamkia shikamoo, naye akaitikia, akaomba apewe bunduki na ufito wa kuisafishia. Wengi pale walidhani upofu wake ni wa ugonjwa wa utotoni. Simeoni alisita, kisha akampa.

Gabrieli aliketi chini, akaisimamisha bunduki kwa kitako. Vidole vyake vilipapasa mahali pa komeo, akakuta pako wazi. "Bunduki nzima, komeo likiwa nje, ufito unaoingia juu hutokea hapa chini," alisema. "Mwenyekiti, weka kidole chako hapa."

Simeoni akainama, akaweka kidole. Gabrieli akauachia ufito kwenye mdomo wa mtutu. Ulishuka kidogo tu, ukagota. Kila mtu alisikia. Akauinua, akauachia tena. Ukagota pale pale.

"Ufito umekigusa kidole chako?"

"Haukunigusa," Simeoni alisema taratibu.

"Risasi iko humo. Ilipata nguvu ya kuingia, haikupata ya kutoka. Mtu akipiga nyingine nyuma yake, mtutu unapasuka. Mnaniona mimi. Hivi ndivyo nilivyopata haya macho." Kisha akauliza, "Huyo kijana aliyekuwa aende kesho yuko wapi?"

"Niko hapa, mzee," Paskali alijibu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Njoo nikushike uso."

Paskali alipiga magoti mbele yake. Gabrieli alipitisha vidole kwenye paji lake, juu ya kope, shavuni, polepole, kama mtu anayehesabu vitu ambavyo havikupotea. Mama yake Paskali, Rahabu, aliyekuwa amepoteza robo ekari aliyoipalilia kwa mikono yake, alijifunika uso kwa kanga.

Simeoni alivua kofia. "Mzee Alute, nilikosa. Nisamehe mbele ya hawa." Alute akatoa komeo, akamkabidhi. Jioni ile Paskali aliendesha baiskeli hadi Manyoni, na kesho yake akarudi na gari la bwana nyama. Tembo walifukuzwa. Bunduki ilipelekwa kwa fundi wa serikali, na debe lote la risasi likakusanywa likachukuliwa.

Siku ile ya mkutano, walipokuwa wanarudi nyumbani, Alute ndiye aliyemshika Gabrieli mkono kumwongoza, badala ya Anastazia. 

"Shemeji," Alute alisema, "siku ile ya nyati, aliyesema piga tena ni mimi."

"Naijua sauti yako."

"Tangu siku ile?"

"Nilikuwa na macho na masikio siku ile. Nilisikia bunduki imelia vibaya, na kidole kilichofyatua kilikuwa changu." Gabrieli alitembea kidogo. "Nilingoja useme mwenyewe. Nilifikiri nikisema mimi, utaacha kuja Ulemo. Na ulikuwa unaleta sukari."

Alute alicheka, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, akalazimika kusimama njiani. Gabrieli alimngoja, mkono begani mwake.

Mwaka uliofuata kijiji kilimfanya Alute mwalimu wa mgambo. Ghala likapigwa bati jipya, bunduki ikarudi kutoka kwa fundi imetengenezwa, risasi mpya zikahifadhiwa mahali pakavu, mbali na chumvi. Alikuwa mwalimu asiye na haraka. Aliwafundisha kusikiliza mlio, kuhisi msukumo begani, na kutokuona haya kuacha. Siku moja Paskali alilenga kichuguu, akafyatua, ikasikika ti tu, kimya. Mkono wake ukaenda kwenye komeo.

"Acha," Alute alisema kwa upole. "Usifungue. Shikilia hapo hapo, mtutu kwenye kichuguu. Tuhesabu pamoja."

Walipofika sita, bunduki ikalia yenyewe, baruti ikiwa imechelewa kushika moto, na udongo ukaruka. Paskali aligeuza kichwa, midomo mikavu. Angekuwa amefungua, ingemlipukia usoni.

Alute alimwacha apumue. Kisha akaichukua bunduki taratibu mikononi mwake, akaifungua, akaikagua, akamwambia akae kivulini kwanza anywe maji, kwani kazi haikuwa inakimbia.