Mawe Yenye Michoro Nyuma ya Qantab

Safari hii niliifunga kwa sababu ya macho ya mama. Presha ya macho imeshalizima jicho lake la kulia, na la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Wiki iliyofuata alikuwa afanyiwe operesheni ambayo daktari mwenyewe hakuiwekea dhamana. Nikamuuliza angependa kuona nini kwanza, nikitegemea atasema bahari, au wajukuu. Akasema, "Nataka unipeleke kwa Thureya, kule kwenye mawe yenye michoro."

Bi Thureya ni binti wa mama yake mdogo. Walilelewa nyumba moja Tabora kabla familia zote mbili hazijahamia Oman. Sisi tukakaa mjini, mtaa wa Ghubra, yeye akaolewa milimani, nyuma ya kijiji cha Qantab, na tangu hapo wamekuwa wakikutana kwenye harusi na misiba tu, katikati ya zogo la watu. Bonde lake sitalitaja jina, maana wako watu wakiona jiwe la kale hawatulii mpaka wamechonga na majina yao.

Ghubra tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Nilikuwa nimesoma kwamba michoro ile haina rangi, imegongwagongwa kwa jiwe juu ya jiwe, kwa hiyo huonekana vizuri asubuhi, jua likiwa bado chini. Likishapanda, mwamba wote unameremeta na huoni kitu. Basi nilikanyaga mafuta. Tulipopita Bustan mama akanigusa mkono.

"Taratibu, mwanangu. Mawe hayakimbii."

"Jua linakimbia, mama."

Mlangoni kwa Bi Thureya ndipo mipango yangu ilipoharibika. Ikaja kahawa na tende. Ikaja halwa. Nikatikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, nikainuka. Bi Thureya akanishika bega.

"Wenda wapi? Nna mandazi jikoni, na mbaazi nshazibandika."

"Mama mdogo, jua litapanda."

"Na lipande. Kila siku si linapanda?"

Mama, badala ya kunisaidia, aliegemea mto akauliza mbaazi zimetiwa nazi ya kopo au ya kukuna. Nilikereka, siwafichi. Wakazungumza habari za Tabora, za kisima, za mwalimu wa chuo cha Kurani aliyewachapa wote wawili kwa kosa la mmoja, nami nikakaa nikitazama dirishani kivuli cha mlima kikifupika.

Mlimani tulifika sote watatu jua likiwa utosini. Kwanza unakutana na mabaki ya makazi: duara za mawe zinazofika magotini, kila moja na pengo la mlango likielekea bondeni. Ndani ya duara moja mawe matatu yamekaa kama mafiga. Nilisita pale mlangoni, kama mtu ambaye hajapiga hodi. Watu walipika hapa, wakagombana, wakalala, na leo hakuna anayejua hata walijiitaje. Nilihuzunika kuliko nilivyotarajia.

Mwamba wenyewe uko juu kidogo, mkubwa kama gari. Haukuwa na kitu. Niliuzunguka mara mbili, machozi ya hasira yakinilenga, na mama amesimama na mkongojo wake, akingoja nimwambie atazame wapi.

"Wageni wangu wote huchelewa," alisema Bi Thureya, "kisha wananilaumu mimi na chakula changu."

Alikuwa amenibebesha mkeka mzito, nikidhani ni wa kukalia. Tukauegemeza kwenye mwamba, tukaingia chini yake sote watatu, tumebanana gizani. Akaniambia niwashe taa ya simu na niilaze ubavuni mwa jiwe. Michoro ikatoka. Mbuzi-mwitu wenye pembe ndefu. Ngamia. Kisha mtu aliyeinua mikono, hatukujua anaomba, anacheza au anaita mwenzake. Mama alisogeza jicho lake karibu, akaniongoza nisogeze taa polepole, sehemu kwa sehemu, mpaka mwisho wa jiwe.

"Mashallah," akasema. "Yatosha. Sasa nimulikie Thureya."

"Wapi?"

"Usoni."

Bi Thureya alicheka, kisha akaacha kucheka. Mama akamshika kidevu, akamgeuza upande huu na upande huu, polepole vilevile. "Tulia," akamwambia. Bi Thureya akatulia, machozi yakimtiririka.

Njiani kurudi, tulipoanza kuteremka kuelekea Bustan, mama akanigeukia.

"Thureya anaumwa," alisema. "Mashavu yameingia ndani, midomo haina damu. Hukumwona?"

Sikumwona. Kesho yake nilirudi kumchukua nimpeleke hospitali, na njia nzima nilikuwa na jambo moja tu la kujifunza kutoka safari ile, nalo lilinichoma: nina macho mawili mazima, na asubuhi nzima nilikaa mbele ya mwanamke yule nikitazama dirisha.